Kikapu Hakimpiti Mtu

Mchungaji alikuwa bado anaomba. Maren Skovgaard alikuwa amefumba macho kama wenzake, ila masikio yake yalikuwa nje, kwenye pikapu iliyokuwa inanguruma. Injini ile aliijua hata usingizini: ya dizeli, yenye kikohozi. Ilikuwa imesimama upande wa makaburi tangu wimbo wa kwanza, na mwenye gari hakuizima wala hakushuka.

"Ameshindwa tena kuingia," Dagny, mama yake, alinong'ona.

"Amefika mpaka uani, mama. Mwaka jana hata hapo hakufika."

"Nyamaza. Baba yako."

Baba yake alikuwa ameshasikia. Shingo ya Holger Skovgaard ilikuwa imeiva wekundu juu ya kola nyeupe, na shingo ile ilikuwa kama anga la Nebraska: ukiona imebadilika rangi, kimbia ukaanue nguo. Holger alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa mahindi, kama baba yake na babu yake, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini kwake Sikukuu ya Shukrani haikuwa siku ya kula. Kula tunakula kila siku, alizoea kusema. Leo mavuno yako ghalani, watu wamo kanisani wanamwimbia aliyewapa, na mwanamume anayetaka kumwoa binti yake amekaa garini kama mtu aliyemleta mgonjwa hospitali, anangoja amrudishe.

Leo ilikuwa ndiyo leo.

Mwisho wa Oktoba, Clay Rademacher alikuja nyumbani kwao na shati lililopigwa pasi upande mmoja, akamwomba Holger ruhusa ya kumwoa Maren. Holger hakukataa, hakukubali. Alisema, "Njoo Sikukuu ya Shukrani ukae mezani kwangu. Kikapu kikikufikia nitasikia utakachosema. Ndipo nitakujibu."

Kikapu hicho ndicho kilichomkosesha Maren usingizi. Nyumbani kwa Skovgaard, siku hiyo hakuna anayegusa uma kabla kikapu hakijazunguka meza. Kila mmoja hupewa punje moja ya mahindi ya mwaka huo. Husema mbele ya Mungu na mbele ya wenzake anashukuru nini, huitia kikapuni, kisha humpa aliye kushoto kwake. Punje zile huwekwa mpaka Mei, ardhi ikipata joto, na kabla mashine haijaingia shambani huzipanda kwa mkono kwenye pembe iliyo karibu na barabara. Wanaozipanda ni watu wa nyumba tu. Wapo vibarua waliofanya kazi pale mpaka wakaota mvi na hawakuwahi kuzigusa.

Naye Clay alikuwa ametangaza hadharani kwamba hana shukrani. Miaka miwili nyuma, wiki moja kabla ya sikukuu hii hii, Joleen mkewe aliteleza na gari kwenye barabara iliyoganda, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Siku ya mazishi, mchungaji aliposema, "Tumshukuru Mungu kwa maisha ya dada yetu," Clay alisimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayekataa kikombe cha pili cha kahawa, "Mimi simshukuru kwa lolote," akatoka. Holger alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Walifika kaburini wakamkuta mume wa marehemu amesimama mbali, mgongo kwao. Tangu siku hiyo hakuvuka tena mlango wa kanisa.

Wahenga walisema moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Holger hakuwajua wahenga hao, lakini aliliamini neno hilo kuliko wao.

* * *

"Viazi unaviponda au unaua nyoka?" aliuliza Shangazi Bodil.

Walikuwa wamerudi nyumbani, jikoni, vioo vya madirisha vimejaa mvuke. Bata mzinga alikuwa ndani ya oveni, kabichi nyekundu inachemka motoni, na pai za maboga zimepangwa juu ya friji ili mbwa asizifikie. Bodil alikuwa dada mkubwa wa Holger. Maisha yake yote alipikia watoto wa shule, hakuolewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake.

"Mbona leo kila mtu ananiangalia mikono?" Maren alisema.

"Tungekuangalia uso, lakini uso nao unatisha."

"Shangazi, niache."

"Nikuambie kitu, mwanangu? Marehemu ni mke mwenza mgumu. Hazeeki, hanenepi, haunguzi chakula. Kila mwaka anazidi uzuri."

"Bodil!" Dagny alimgeukia na kijiko mkononi. "Kama huna la kumsaidia mtoto, kata hiyo mikate."

"Nimesema uongo?"

Neno lilikuwa limempata Maren palepale panapouma. Mwaka mzima na zaidi amempenda Clay, amekula naye, amecheka naye, amelia kifuani kwake siku paka wake alipokufa, na hata siku moja hakuwahi kulitamka jina la Joleen mbele yake. Alilizunguka jina lile kama mtu anavyozunguka shimo gizani. Clay akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo, Maren hujiuliza: yuko naye sasa? Akinishika mkono, ananishika mimi?

Mbwa akabweka. Pikapu yenye kikohozi iliingia uani, na safari hii ikazimwa.

"Haya, muungwana ameshuka," Bodil alisema, akichungulia kwa kufuta kioo na kiwiko. "Amenyoa ndevu. Amejikata pia."

Maren alitoka na aproni yake.

Clay alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda la mashine, karibu na kombaini, ile mashine ya kuvunia mahindi. Hapo ndipo walipojuana, msimu wa mavuno wa mwaka jana, yeye akiwa fundi, yuko chini ya mashine, miguu tu inaonekana, na Maren amemletea kahawa akawa hajui aikabidhi miguu au aiweke chini. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mabega ya mtu anayenyanyua vyuma, na weusi wa grisi kwenye mistari ya vidole ambao sabuni yoyote hushindwa kuutoa. Kwenye taya palikuwa na mkato mdogo wa wembe. Maren alitamani kuupangusa kwa kidole. Akaficha mikono kwenye aproni.

"Nilikusikia kanisani," alisema.

"Sikusema kitu."

"Injini yako ilisema. Kanisa zima limesali na dizeli."

Clay alitabasamu nusu, lile tabasamu lake la upande mmoja. "Nilishika kitasa cha mlango wa gari, Maren. Mkono ukakataa kuvuta."

Upepo ulipita kati yao na baridi ya sakitu iliyokuwa haijayeyuka kwenye majani. Maren alimsogelea.

"Nisikilize. Ni sentensi moja tu. Kikapu kikifika kwako, sema unashukuru kwa mvua."

"Mvua."

"Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri, kila mtu anajua. Unasema nashukuru kwa mvua, unatia punje, tunakula. Baba anapata amani, mimi napata mume."

"Na Mungu anapata nini?"

"Clay, usianze."

"Miaka miwili sijasema naye. Leo nifungue mdomo, neno la kwanza liwe la kumdanganya?"

"Si uongo! Mvua ilinyesha!"

"Ilinyesha. Mimi sikuiona." Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Unataka mwanamume wa namna gani akae mezani kwa baba yako?"

"Nakutaka wewe! Nakutaka wewe ukae pale mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa baada yake, mpaka Shangazi Bodil achoke kukutania." Aliitoa mikono kwenye aproni. "Unajua hali yangu? Silali. Juzi saluni kwangu nimemkata mke wa mchungaji nywele upande mmoja, nikasahau wa pili. Amekwenda nazo mpaka dukani ndipo akarudi. Na wewe unanipigia hesabu za mvua!"

Clay alitaka kucheka, akaona macho yake, akaacha. Alinyoosha mkono akamshika kidevu, taratibu, kwa vidole vyenye harufu ya chuma na sabuni.

"Niambie wewe, basi. Nishukuru nini hasa?"

Jibu lilifika mpaka kwenye meno ya Maren. Mimi. Shukuru kwa ajili yangu. Likarudi tumboni. Akasema tu, "Ina maana hakuna hata kimoja?"

Clay alimtazama kama mtu anayemuaga aliye ndani ya treni. "Kipo kimoja," alisema. "Na hicho ndicho kinachonifunga mdomo."

"Maana yake nini?"

"Nyinyi wawili!" Sauti ya Bodil ilitoka mlango wa jikoni. "Bata mzinga hangoji wapenzi! Ingieni kabla sijamla na mifupa!"

* * *

Holger aliomba kwa kifupi, maana aliamini sala ndefu ni ya mtu asiyejua anachotaka. Kisha akachukua bakuli la mahindi, akampa kila mtu punje yake mkononi kama anayegawa sakramenti, akakivuta kikapu.

"Nashukuru kwa kombaini," alisema, "kuvunjika siku ya mwisho ya mavuno badala ya siku ya kwanza. Na kwa mkono ulioitengeneza." Hakumtazama Clay aliposema hivyo, lakini alisema, na Maren alipumua kidogo.

Dagny alishukuru kwa mtoto aliyebaki karibu naye. Bodil alitia punje yake kwa mbwembwe: "Namshukuru Bwana kwa meno yangu yaliyosalia. Yote yako upande mmoja, lakini yanaelewana." Akakisukuma kikapu kwa Clay, na macho yake tayari yalikuwa kwenye paja la bata mzinga.

Kikapu kikatua mbele ya Clay.

Alikuwa ameishika punje kwa vidole viwili, anaizungusha, kama fundi anayekagua skrubu. Sebuleni runinga ilikuwa imeachwa ikiwaka bila sauti, kwa ajili ya mpira wa Bodil. Wanaume walikuwa wanakimbia na kuangushana kimyakimya. Maren, aliyekaa kushoto kwake, alichezesha midomo: mvua.

Clay alimwona. "Nashukuru kwa..." alianza.

Aliushusha mkono mezani.

"Mzee Holger, nimekuja hapa na neno. Ni neno zuri, nimepewa na mtu anayenipenda. Lakini si langu. Siwezi kulisema."

Dagny aliweka kiganja mdomoni. Shingo ya Holger ilianza kupanda rangi, halafu, jambo lililomtisha Maren zaidi, ikarudi nyeupe. Alikuwa hana hasira. Alikuwa ameshaamua.

"Kijana wangu, sikukuita kuja kukuaibisha," Holger alisema kwa upole. "Mtu akikosa la kusema amekosa. Mpe Maren kikapu, tule. Tukimaliza, mimi na wewe tutazungumza nje."

Kila mtu mezani alijua mazungumzo ya nje. Ndiko walikoagwa wote ambao Holger hakutaka warudi.

Clay aliinamisha kichwa, akakisukuma kikapu kuelekea kushoto.

Maren aliweka mkono ukingoni mwa kikapu, akakirudisha.

"Kikapu hakimpiti mtu, baba."

"Maren."

"Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mlikuwa mmeuza farasi wangu, nikakataa kusema kitu. Babu akasema nirukwe, watu wana njaa. Wewe ukamwambia, kikapu hakimpiti mtu. Ukakaa na mimi mpaka kila kitu kikapoa. Ukala viazi vya baridi na hukunikaripia."

"Ulikuwa mtoto wa nyumba."

"Bado ni mtoto wa nyumba. Na ninasema tungoje."

Hakuna kamba inayomfunga mtu kama ile aliyoisokota mwenyewe. Holger alimtazama mkewe amsaidie. Dagny alikuwa tayari amekunja mikono mapajani.

"Tungoje, Holger," alisema.

"Na mchuzi je?" Bodil aliuliza kwa uchungu wa kweli.

"Mchuzi utangoja, shangazi."

"Mchuzi haujui kungoja! Nimepikia shule miaka yote hiyo, naujua!"

Wakangoja.

Mvuke wa bata mzinga ulipungua, ukaisha. Mchuzi ulianza kufanya utando juu, ukakunjamana kama uso wa kikongwe. Mbwa aliukwaruza mlango wa jikoni, akakata tamaa. Bodil aliiba zeituni moja, Dagny akampiga kofi mkononi bila hata kugeuka. Maren alikuwa hathubutu kumtazama Clay. Alitazama mkono wake tu, ule mkubwa, uliofumbwa juu ya kitambaa cheupe na punje ndani yake, na moyo wake ukawa unapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Nimemwokoa au nimemtundika? Angekuwa ameshaondoka sasa, na aibu ingekuwa ndogo.

"Kuleni, tafadhali," Clay alisema hatimaye.

"Hatuli," alisema Maren.

"Mtakula baridi kwa ajili yangu?"

"Usijali," Bodil aliguna, "tumeshaanza kuzoea."

Hapo kitu kilimvunjika Clay usoni. Alifumbua mkono, akaitazama ile punje.

"Mnadhani sina la kushukuru," alisema. Aliongea polepole, kama anayetoa mwiba. "Ninalo. Limekaa hapa kushoto kwangu. Tangu siku lilipoiletea kahawa miguu yangu. Lakini Joleen angekuwa hai, mimi nisingekuwa kwenye kiti hiki. Basi nikimwambia Mungu asante kwa Maren, nimemwambia asante kwa nini? Kwa barafu ile? Kwa simu niliyopigiwa? Nitamshukuruje kwa huyu bila kumshukuru kwa kumchukua yule? Nimelizungusha neno hili mwaka mzima. Nikienda kanisani linanikuta pale pale, kwenye makaburi. Kwa hiyo sishuki kwenye gari."

Maren alisikia mambo mawili kwa pamoja, la asali na la shubiri. Ananipenda. Na yule hatatoka kamwe katikati yetu. Shimo alilolizunguka muda wote lilikuwa sasa wazi juu ya meza ya mama yake, kati ya viazi na kabichi, na watu wote wanachungulia. Angeweza kusimama akaenda chumbani kwake. Nani angemlaumu?

Badala yake alilitamka jina.

"Joleen alikuwa anaimba vibaya."

Clay aligeuka haraka kama aliyechomwa.

"Nilikuwa nakaa nyuma yake kanisani," Maren aliendelea. "Aliimba vibaya, tena kwa nguvu. Ikifika ile sehemu ya juu, benchi zima lilikuwa linanyamaza kumpisha."

Clay alitoa sauti ambayo haikujulikana ni kicheko au kilio.

"Alijua," alisema. "Nilimwambia. Akanijibu, sauti hii kanipa Mungu mwenyewe, basi na aisikilize."

Bodil alipasuka kucheka. Dagny naye, huku anajifuta macho. Hata masharubu ya Holger yalicheza.

"Basi anza naye," Maren alisema. "Siku ile waliposema ushukuru kwa maisha yake, wewe ulisikia ushukuru kwa kifo chake. Clay, hakuna anayekuomba ushukuru kwa barafu. Mshukuru Mungu kwa Joleen. Mimi niache kwanza. Mimi nipo, siendi popote."

Alipomaliza aliona kama amemfungulia mgeni mlango wa chumba chake mwenyewe, akamtandikia na kitanda. Iliuma. Lakini alikuwa ameufungua kwa mkono wake.

Clay aliiinua punje. Aliishika kwa vidole vile vinavyofunga nati gizani bila kukosea.

"Bwana," alisema, na lile neno lilitoka na kutu. "Nakushukuru kwa Joleen. Kwa miaka uliyonipa naye. Kwa kuimba kwake." Punje ilianguka kikapuni juu ya zile nyingine, na mlio wake mdogo ulisikika mpaka pembeni mwa chumba. Kisha akainama, mabega yakimtikisika, analia kama wanavyolia watu wasio na mazoea. Dagny alimpa kitambaa cha kufutia mdomo, kile cha sikukuu, cha kudarizi.

Kikapu kilikuwa sasa cha Maren. Alichukua punje yake. Alijiambia, umempata aliye mkweli, ridhika na hilo. Kuhusu wewe hajasema kitu, na usimdai.

"Subiri," Holger alisema.

Aliinuka. Viatu vyake vizito vilizunguka meza, taratibu, mpaka nyuma ya kiti cha Clay. Alikuwa ameshika punje nyingine kutoka kwenye bakuli. Aliufungua mkono wa yule kijana kama anavyofunguliwa mtoto, akaiweka ndani.

"Nani alikuambia ni moja tu?"

"Wewe!" Bodil aliruka. "Wewe, na baba kabla yako! Maisha yangu yote naambiwa ni moja, mara ngapi nilitaka kushukuru kwa meno na kwa magoti!"

"Bodil, kula zeituni."

Clay alipangusa uso. Aligeuka kushoto, mzima mzima, na safari hii hakutazama kofia wala sahani wala kidole. Alimtazama Maren, macho mekundu, ya mtu aliyetoka shimoni na mwanga bado unamuumiza, na Maren alijua kwa hakika, bila kuuliza, ni nani anayetazamwa.

"Na nakushukuru kwa Maren," alisema. "Wala simpokonyi mtu."

Punje ya pili ikaanguka.

Sasa Maren ndiye aliyeshindwa. Alifungua mdomo, machozi yakawahi kabla ya maneno. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena.

"Sasa na huyu!" Bodil alilia. "Jamani, nitakufa njaa katika nyumba ya Kikristo!"

"Nashukuru," Maren alisema, anacheka na kulia pamoja, "kwa chakula cha baridi."

Akatia punje, akamkabidhi baba yake kikapu.

Wakala. Viazi vilikuwa vigumu, mchuzi ulikatwa kwa kijiko kama jeli, na Bodil alikula kuliko wote huku akiapa kwamba hajawahi kulishwa vibaya hivi. Holger alikuwa anamkata bata mzinga. Aliendelea kukata, hakuinua macho, akasema kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Clay. Mei, ardhi ikipata joto, uje na viatu vyako vya shamba."

"Kombaini itakuwa imeharibika tena, mzee?"

"Kombaini haihusiki. Kuna mahindi ya kupanda kwa mkono, pale pembeni, karibu na barabara."

Uma wa Maren ulisimama hewani. Dagny alifumba macho, midomo yake ikasogea bila sauti. Clay aliwatazama wote, mmoja mmoja, akijiuliza amekosea nini tena.

"Ni mengi hayo mahindi?" aliuliza kwa adabu.

"Mpitishieni viazi huyu," Bodil alisema. "Bado hajaelewa."

Maren alimpitishia bakuli kwa mkono mmoja. Ule mwingine, chini ya meza, ulikuwa umeshaanza kumweleza.